Mgao wa Dada Yangu

Tarehe tisa mwezi wa pili, siku ya Jumatatu, kabla ya saa sita mchana, nilifiwa na dada yangu nyumbani kwetu Lemon Gaba, hapa Juba. Alikuwa na saratani ya titi. Alinizidi miaka kumi na mmoja, na mama yetu alipokufa yeye ndiye aliyenilea, kwa hiyo niliyempoteza siku hiyo sijui nimwite dada au mama. Wakati anakata roho, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu kulikuwa na dawa yake ya maumivu, karibu nusu chupa. Haikubaki kwa sababu aliikataa. Ilibaki kwa sababu nilimnyima. Naandika haya kwa sababu watu waliokuja matangani waliniambia nilimuuguza vizuri, na mimi nikanyamaza.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nina mashine moja kwenye kibanda cha washonaji huko Hai Mauna, nashona sare za shule na mapazia. Shule nilisomea kwenye kambi ya wakimbizi huko Turkana, Kenya, nikafika darasa la nane. Huko ndiko Kiswahili kilikotuingia, mimi na dada, mpaka tukawa tunagombana kwa Kiswahili na kupatana kwa lugha ya nyumbani. Tuliporudi Juba dada alianza kuuza chai kwenye soko la Konyo Konyo. Wateja wake wengi walikuwa Wasomali wa maduka ya jumla, waliotoka Kenya kama sisi. Walimpenda kwa sababu alijua kupika chai ya maziwa ikachemka pamoja na majani, na kwa sababu aliweza kuwajibu.

"Mama, hii chai ni ya jana," mmoja alimwambia siku moja nikiwa nimekaa pale.

"Ya jana uliimaliza wewe," dada akasema. "Hii ni ya kesho, nimekupa mapema kwa vile naona una haraka ya kulalamika."

Uvimbe alikaa nao zaidi ya mwaka bila kuniambia. Siku aliyonionyesha alikuja Hai Mauna, kibandani kwangu, akasimama mbele ya mashine kama mteja. Alisema anataka nimshonee kitambaa kinene ndani ya sidiria upande wa kushoto, cha kunyonya maji.

"Maji gani?" nikamuuliza.

"We shona."

Nilikataa kushona kabla ya kuona. Tulikwenda nyuma ya kibanda, akafungua vifungo. Ngozi ilikuwa imeshapasuka. Nilishona kile kitambaa. Kesho yake tulikwenda hospitali.

Sitaandika safari zote za hospitali. Daktari alikuwa mtu mpole, alitueleza akiwa amekaa. Alisema ugonjwa umeshafika kwenye mifupa ya mgongo na kwenye mapafu, na kwamba mashine za mionzi hapa Juba hakuna, na hata tungefika Kampala au Nairobi, kwa hatua ile wasingeweza kuuondoa. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante. Kisha tulielekezwa chumba cha mwisho kwenye korido, kwa muuguzi anayehudumia wagonjwa ambao kuponywa kumeshindikana.

Muuguzi huyo alikuwa mwanamume wa makamo. Alikulia Uganda kwenye ukimbizi na uuguzi alisomea huko, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda, kinachotupa maneno popote yaangukie. Dada alipomwona tu alinigeukia, akaniambia kwa lugha yetu nimwambie mtu huyu aangalie ukuta. Nilimfikishia vilevile.

"Mama, kama mimi naangalia ukuta," yule muuguzi akasema, "nitaosha ukuta."

Dada akacheka. Tangu siku hiyo alimwita daktari.

"Mimi si daktari, mama. Mimi iko nesi."

"Madaktari wote walionitazama walisimama mbali. Wewe ndiye umenigusa. Kaa na cheo chako."

Yeye naye alimwita Mama Chai, na mimi aliniita Fundi.

Hospitali zetu mgonjwa huja na mtu wake, na mtu huyo ndiye anayeosha, anayelisha, anayegeuza na anayekimbilia vitu. Muuguzi alijua hivyo, kwa hiyo alinifundisha mimi. Alinifundisha kuchemsha maji na chumvi kidogo na kuyaacha yapoe, kumwagia kidonda taratibu bila kusugua, kwa sababu ukisugua kinatoa damu. Alinifundisha kusaga vidonge vile vinavyotumika kwa tumbo la kuhara, mpaka viwe unga, na kuunyunyiza juu ya kidonda ili harufu ipungue. Harufu ndiyo iliyomuumiza dada kuliko kidonda wakati ule. Aliacha kwenda Konyo Konyo kwa ajili ya harufu, nguvu za kwenda alikuwa bado anazo. Aliniambia mteja mmoja alihamisha kiti chake bila kusema kitu, akaukwepa upepo uliotoka kwake, na kwamba angefurahi zaidi kama yule mtu angemtukana.

Unga wa vile vidonge ulisaidia kweli. Siku ya nne tulikaa naye chini ya rakuba, kile kibanda cha matete tulichojenga uani kwa ajili ya kivuli, tukala asida, ugali wa kwetu, na bamia, na ile harufu sikuinusa.

Vitambaa vya kufungia nilitengeneza mwenyewe. Hapo nilikuwa kwenye kazi yangu. Nilikata pamba tupu isiyo na nailoni, nikapinda kingo ili nyuzi zisishike kwenye kidonda, nikavichemsha, nikavianika juani, nikavipiga pasi ya makaa. Nilikuwa na vitambaa ishirini na vinne, vya asubuhi na vya jioni. Bibi jirani yetu, anayeuza mkaa, alikuwa akipita uani na kuvitazama kwenye kamba. Alisema mimi ninafua kama ninayeuguza mtoto wa kwanza. Kazi hiyo niliifanya vizuri. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ile nyingine sikuifanya.

Mwezi wa kwanza maumivu ya mgongo yalianza kumshinda. Vidonge tulivyokuwa navyo havikutosha. Alikuwa anakaa kitandani ameshika fremu kwa mikono miwili, hasemi. Alhamisi moja tulirudi kwenye kile chumba cha mwisho, na muuguzi akafungua kabati lenye kufuli mbili, akatoa chupa ya plastiki ya nusu lita. Ndani mlikuwa na maji ya kijani hafifu. Alisema inaitwa mofini. Alinipa bomba la sindano lisilo na sindano, la kupimia, akanionyesha mstari wa mililita tano.

"Asubuhi saa kumi na mbili. Tena saa nne. Tena saa nane. Tena jioni, saa kumi na mbili. Ya kulala, saa nne ya usiku, nampa mara mbili, ndiyo alale mpaka asubuhi. Fundi, nasikia?"

"Nasikia."

"Usingoje mama alie. Hata kama hana maumivu, saa nafika, nampa. Dawa natangulia mbele, maumivu nakuja nyuma, nakuta mlango imefungwa. Kama unangoja, maumivu naingia kwanza, na kutoa yeye ni kazi."

Niliandika yote kwenye daftari langu la vipimo, baada ya ukurasa wa sare za shule moja ya Hai Mauna. Nilimsomea nilichoandika, akasema sawa. Akanipa na vidonge vya kulainisha choo, kwa sababu dawa hiyo hufunga tumbo.

"Ikikaribia kuisha, kuja. Nitakupa ingine."

"Na kama haitakuwepo?" nikamuuliza.

Mtu mwingine angesema itakuwepo, yakaisha. Huyu alikuwa mkweli. Alisema dawa yao hutoka Uganda, na kwamba mwaka uliopita kuna wakati barabara ilifungwa wakakaa wiki mbili bila hata tone. "Lakini sasa iko," akasema. "Iko mingi."

Mimi nilichobeba kurudi nacho nyumbani ni zile wiki mbili.

Hapa lazima nieleze kambi. Tulipokuwa Turkana chakula kilikuwa cha mgao, na mgao ulikuja kwa mwezi: mahindi, maharagwe, unga, na mafuta ya kupikia. Ulipunguzwa mara nyingi kuliko ulivyotimia. Waliokula kama karatasi ilivyosema walikaa wiki ya mwisho bila kitu. Dada yangu hakukaa hata siku moja bila kitu. Mafuta aliyatia kwenye chupa ya soda, akachora mistari kwa msumari, mmoja kwa kila wiki, na kama Alhamisi mafuta yamefika mstarini basi mpaka Jumapili tulichemsha. Nikilia njaa aliniambia bado saa ya kula haijafika. Wiki ya mwisho majirani walikuja kwetu na vikombe kuazima, naye aliwapa vijiko viwili viwili, kichwa juu. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yetu pale. Na kitu kingine: ukirudi kwa mtu wa orodha kuomba tena wakati mfuko wako wa kwanza bado una kitu, walikuandika, na kadi yako ikaangaliwa vibaya. Niliona mama mmoja akifukuzwa kwenye foleni kwa kosa hilo, mbele ya watu wote.

Jioni ya Alhamisi ile, dada akiwa amelala kwa sababu ya kipimo cha kwanza alichopewa hospitali, nilichukua kalamu ya wino mzito ninayochorea vitambaa. Nilichora mistari mitano kwenye ile chupa, wa mwisho karibu na kitako. Niliamua kumpa mara tatu kwa siku: asubuhi, saa nane, na usiku, tano tano. Chupa ambayo kwa maagizo ingekaa wiki mbili na siku kidogo, kwangu ingefika wiki ya tano.

Sikuchanganyikiwa. Nilijua kusoma nilichoandika. Wapo watu wanaoogopa dawa ile, wanasema ni ya kumaliza mtu, na bibi jirani aliniambia hivyo pia. Ningeweza kusema niliogopa hilo, na watu wangenielewa haraka. Sikuogopa hilo. Niliogopa siku ambayo maumivu yangekuwa makubwa kuliko haya na chupa iwe tupu na barabara imefungwa. Nilitaka siku hiyo nionekane kama dada alivyoonekana wiki ya mwisho ya mwezi.

Siku nne au tano za mwanzo mara tatu zilionekana kutosha. Alikula. Alilala mchana. Alianza tena kunichokoza, akisema nimshonee sidiria ya titi moja nimpunguzie bei ya kitambaa. Nikajiona nimefanya akili.

Kisha maumivu yakaanza kufika kabla ya saa nane. Saa tatu asubuhi alikuwa ameshashika fremu ya kitanda.

"Saa ngapi?" aliniuliza asubuhi moja.

Ilikuwa saa nne na robo. Simu ilikuwa mkononi mwangu.

"Saa tatu," nikasema.

"Dawa bado?"

"Bado kidogo."

Baadaye akauliza tena, nikamwambia saa tatu na nusu.

"Leo jua limegoma," akasema. "Limesimama hapo linatuangalia tu."

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Hakuwa na saa nyingine ila mimi. Nilijifunza kulaza simu kifudifudi na kupunguza saa moja au mbili kabla ya kujibu. Siku nyingine upepo ulileta adhana kutoka msikiti wa barabarani. Dada alikuwa ameuzia Waislamu chai miaka mingi, akizijua swala zao kama anavyojua kuchemka kwa maziwa.

"Wasomali wangu wanaitwa adhuhuri," akasema. "Imepita saa sita."

"Hiyo ni redio ya jirani," nikamwambia.

Alinitazama. Mimi niliinuka nikaenda kugeuza vitambaa kwenye kamba, ingawa vilikuwa vimeshakauka.

Siku ya nane, Ijumaa, muuguzi alikuja nyumbani kwa pikipiki yake. Alifungua kidonda, akakikuta safi. Alichukua kitambaa kimoja akakitazama kwenye mwanga.

"Hii nani nakata? Hata hospitali haina kama hii. Fundi, wewe nataka kazi yangu?"

"Achukue," dada akasema. "Wewe uje ushone mapazia."

Kisha muuguzi alimwomba dada aonyeshe maumivu kwa vidole. Ngumi maana yake hakuna, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Dada aliinua vinne. Akanitazama. Akakunja kimoja.

"Tatu. Na dawa, mama, nakunywa saa zote?"

Dada aliliacha swali lile hewani, na nikajua ameliacha kwa ajili yangu.

"Anakunywa," nikasema.

"Niletee chupa nione imebaki ngapi."

Nilimwambia chupa iko ndani ya sanduku na ufunguo nimeusahau Hai Mauna, kwenye droo ya mashine. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, kwenye kamba, chini ya gauni. Muuguzi aliitikia kwa kichwa, akasema nimefanya vizuri kufunga, kwa sababu dawa ile si ya kuacha wazi. Akaniambia kama dada anakunywa saa zote na bado maumivu ni tatu, basi kipimo ni kidogo. "Kutoka leo nampa kumi, si tano. Itaisha haraka. Jumanne kuja, nachukua chupa ingine." Niliitikia. Akaandika kwenye karatasi yake kwamba mgonjwa anakunywa dawa kama alivyoagizwa.

Pikipiki ilipoondoka dada aliniambia nimletee ile chupa. Nilivua ufunguo shingoni mbele yake. Hakushangaa. Aliishika chupa, akaigeuza akaona mistari, akapitisha ukucha juu yake mmoja mmoja mpaka chini.

"Mitano," akasema.

"Wiki tano."

"Nani amekuambia nina wiki tano?"

Watu wengine wangeongeza hapa kwamba alinisamehe, au kwamba alisema yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Hakusema. Alinirudishia chupa akafumba macho. Nilimpimia kumi, kama nilivyoagizwa. Baada ya muda kama wa kupika maharagwe machanga mikono yake iliachia kitanda. Alilala mpaka jua likashuka, mdomo wazi, uso umelegea, kama alivyokuwa akilala Jumapili baada ya soko. Nzi walikuja, nikawapunga kwa kipande cha kadibodi saa zote hizo bila kuchoka. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ilikuwa kweli.

Jioni hiyohiyo nilichukua daftari nikapiga hesabu. Kwa kumi kumi, kama alivyosema muuguzi, chupa ilikuwa na siku sita tu. Nikaangalia mistari iliyobaki. Kesho yake asubuhi nilirudi kwenye tano, na kwenye mara tatu.

Hilo ndilo ninaloshindwa kulieleza hata kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimemwona analala. Nilikuwa nimeona ni nini kinachowezekana kwa mililita kumi, kwa macho yangu, mchana mweupe, na bado niliogopa kitako cha chupa kuliko mikono yake kwenye ile fremu.

Jumanne sikwenda hospitali. Ningekwendaje kuomba chupa ya pili wakati ya kwanza ilikuwa haijafika mstari wa pili? Nilimwona tena akilini yule mama wa kwenye foleni ya kambini. Nilijiambia nitakwenda ikibaki kidole kimoja, nikiwa na uso wa kuombea. Muuguzi alipiga simu, nikamwambia nitakuja wiki ijayo, kwamba kazi ni nyingi. Nilikuwa natunza dawa kwa ajili ya siku mbaya. Zile zilikuwa ndizo siku mbaya, nami nilikuwa nazipita nikizitazama.

Dada aliacha kuniuliza dawa. Aliuliza saa tu. Kila jibu nililompa alilipokea, na sijui kama aliniamini au alikuwa amechoka kunikamata. Usiku sitausema. Mchana alianza kuongea na wateja wake ambao hawakuwepo, akiwaambia wasogeze viti. Jumapili wanawake wa kanisani walikuja wakaimba polepole kando ya kitanda, na mmoja wao aliniambia dada ana uvumilivu wa ajabu, halii. Nilisema ndiyo.

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili, nilimpa tano, nyingi zikatoka pembeni mwa mdomo. Nilifikiri nimpe nyingine kufidia. Sikumpa. Niliosha kidonda, nikafunga kitambaa safi. Pumzi yake ilikuwa inakuja na kukaa. Nilimwita bibi jirani, akaja akakaa miguuni kwake akaishika. Mimi nilikuwa mlangoni, kwenye jiko la makaa, nachemsha vitambaa vya jana.

"Saa ngapi?" dada akauliza. Alisema wazi, kwa Kiswahili.

Niliangalia simu. Ilikuwa saa nne kamili, saa ya kipimo cha pili kwenye daftari langu.

"Saa tatu," nikasema. Ulimi ulikuwa umezoea.

Hakuuliza tena. Haikufika saa tano bibi akasema, "Kalas, imekwisha, binti yangu. Njoo umfumbe macho."

Tulimzika kesho yake. Maji ya kuoshea wageni mikono yalipungua, tukaita gari la maji. Wasomali wawili wa Konyo Konyo walikuja, wakakaa na wanaume, wakaleta mfuko wa sukari na majani ya chai. Mmoja wao alinipa pole akasema, "Mama yule hakutuuzia chai tu." Wanawake walinishika mikono. Walisema, umemtunza dada yako, vitambaa vyake vilikuwa vyeupe, Mungu ameona. Bibi jirani alisema hivyo pia, naye alikuwepo pale kitandani nilipojibu saa tatu, ila yeye hana simu.

Siku ya nne nilifungua sanduku, nikaweka chupa kwenye mfuko mweusi, nikapanda boda mpaka hospitali. Karatasi waliyonipa pamoja na dawa ilisema dawa iliyobaki irudishwe. Muuguzi alikuwa kwenye kile chumba na mwanamke anayefanya usafi. Alisimama aliponiona, akanipa mkono, akaniambia malesh, pole, kwamba Mama Chai alimfanya acheke siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa hataki. Nilimpa mfuko. Akatoa chupa. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na akaona mistari yangu.

Aliimimina kwenye chombo cha kupimia. Mia mbili na thelathini. Alifungua daftari lake akatafuta jina la dada na tarehe, akabaki ameinama pale muda mrefu kuliko kusoma kunavyohitaji.

"Mama alikuwa natapika?" akaniuliza.

"Hapana."

"Alikataa? Wengine nakataa. Nafunga mdomo."

Nilijua ananipa njia ya kupita. Mwanamke wa usafi alikuwa ameacha kufagia.

"Hakukataa," nikasema. "Sikumpa. Nilimpa mara tatu kwa siku. Siku ile uliyokuja nilikudanganya. Ufunguo nilikuwa nao."

"Wewe naogopa dawa?"

"Niliogopa itaisha."

Alikaa. Kisha akainuka, akafungua zile kufuli mbili, akaacha mlango wa kabati wazi. Chupa zilikuwa zimepangwa safu mbili, za kijani, zote zimejaa. Sidhani alitaka kuniumiza. Nadhani alitaka mtu mwingine azione. Halafu akafunga.

Nilimwuliza kama hakuna mgonjwa mwingine wa kupewa ile iliyobaki. Alisema hapana, ikishafunguliwa nyumbani hairudi kwa mtu, sheria iko hivyo, lazima imwagwe na watu wawili waone. Tulitoka watatu, yeye, mwanamke wa usafi na mimi, tukaenda nyuma ya jengo kwenye choo cha shimo. Alichanganya dawa na maji ya sabuni kwenye ndoo, akamwaga taratibu mpaka ndoo ikaisha. Kisha tukarudi ndani. Mwanamke wa usafi akatia sahihi kwenye daftari kama shahidi, na mimi nikatia chini yake.